Anayekaa mwisho wa bomba

Mara ya kwanza nilipouona uwanja wa gofu, niliuliza ng'ombe wako wapi.

Nilikuwa darasa la saba, nimebanwa kwenye kiti cha mbele cha lori la ndizi kati ya dereva na utingo. Tulikuwa tumetoka Mitunguu jioni, tukapita Chiakariga na Ishiara gizani, tukanywa chai Embu, na kulipokaribia kupambazuka tukawa Muthaiga, kwenye foleni ya kuingia Nairobi. Kupitia upenyo wa ua niliona nyasi zilizokatwa sawasawa kama mkeka, zimelowa, na vinyunyizio vinazunguka juu yake kama vile vya kwetu. Kwa mtoto wa Imenti Kusini, nyasi za namna ile zisizo na mnyama wa kuzila zilikuwa hasara. Utingo alinieleza kuwa pale watu hupiga kijipira kwa fimbo ya chuma mpaka kiingie shimoni, na kwamba wapo wanaolipwa kwa kazi hiyo. Sikumwamini hadi nilipokuwa mtu mzima.

Sasa ni miaka mingi nafuatilia gofu, na kila Juni hungoja manung'uniko. Juni ndio mwezi wa US Open, mashindano yanayojivunia kuwabana hodari wa dunia kuliko mengine yote. Wachezaji waliozoea mamilioni ya dola hutoka uwanjani wamekunja uso wakisema uwanja umetayarishwa vibaya: nyasi za pembeni zimeachwa zikawa ndefu kupita kiasi, mashimo yamechimbwa mahali ambapo mpira haukai, na zile sehemu za nyasi fupi zinazozunguka shimo, ziitwazo grini, zimekuwa ngumu kama lami. Na kila mwaka watu huwacheka. Hapa kwetu nimesikia mara nyingi swali lile lile: mtu anayelipwa hivyo analia nini?

Mimi siwacheki. Katika jambo moja wana haki kabisa, na jambo lenyewe watu wa Mitunguu wanalielewa kuliko wengi, ingawa hapa mchezo wetu ni kandanda.

Chukua Jumamosi ya tarehe 16 Juni 2018, katika uwanja wa Shinnecock Hills, jimbo la New York. Dustin Johnson aliamka akiwa kinara baada ya raundi mbili. Alikuwa mikwaju minne chini ya par, yaani chini ya idadi ambayo mtaalamu hutarajiwa kutumia, na hakuna mwingine aliyekuwa chini ya par. Mbali nyuma yake, katika nafasi ya 45, walikuwapo Tony Finau na Daniel Berger. Desturi ya gofu ni kwamba walio nyuma huanza mapema na vinara hucheza mwisho, ili utamu ubaki wa jioni. Finau na Berger wakatoka asubuhi, grini zikiwa bado na unyevu, na kila mmoja akamaliza kwa mikwaju 66. Johnson alitoka alasiri. Jua lilikuwa limewaka tangu asubuhi, upepo ulikuwa umekausha kila kitu, na mpira uliotua vizuri uliteleza ukaenda zake kama ule uliotua vibaya. Johnson alitumia mikwaju 77. Rickie Fowler alitumia 84. Phil Mickelson, ambaye siku hiyo alitimiza miaka 48, aliuona mpira wake ukiporomoka kwenye grini ya shimo la 13, akaukimbilia na kuupiga ukiwa bado unakwenda, jambo ambalo mtoto anayejifunza gofu hukatazwa wiki ya kwanza. Alitozwa mikwaju miwili ya adhabu na shimo hilo likamgharimu mikwaju 10.

Jua lilipotua, Finau na Berger, waliokuwa mikwaju 11 nyuma ya Johnson asubuhi, walikuwa wamelingana naye kileleni.

Mkuu wa Chama cha Gofu cha Marekani wakati huo, Mike Davis, alikiri siku ile ile kwamba mipigo mizuri haikutuzwa ilivyostahili. Usiku grini zikamwagiwa maji, Jumapili mashimo yakawekwa mahali penye huruma, na Brooks Koepka akatwaa ubingwa. Wengi wanaoikumbuka Jumamosi ile humkumbuka Mickelson akikimbilia mpira. Mimi nakumbuka zile saa za katikati, kati ya asubuhi ya Finau na alasiri ya Johnson.

Saa kama hizo kwetu tunazijua kwa maji. Mradi wa umwagiliaji wa Mitunguu ulijengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Wajerumani. Maji hutekwa mto Thingithu, yakashushwa kwa mabomba kwa nguvu ya mteremko tu, bila pampu, hadi kwenye vinyunyizio mashambani. Panapo maji hayo, Mitunguu imekuwa jina linalotamkwa pamoja na ndizi. Pasipo hayo, ardhi ni ile ile ya joto na vumbi inayoendelea hadi Tharaka, na mkulima hutazama mawingu. Lakini maji ya pamoja ni maji ya zamu. Mtu yeyote aliyewahi kumwagilia kwa zamu, popote pale, anajua kwamba majirani wawili wanaweza kupanda miche ya aina moja siku moja, wakapalilia sawa, wakaweka samadi sawa, kisha mmoja akavuna mikungu ya kuinamisha mgomba na mwenzake akavuna vidole. Mmoja yuko kichwani mwa bomba. Mwingine yuko mwisho. Mwisho wa bomba maji hufika yamechoka, na yakifika adhuhuri badala ya alfajiri, nusu yake hunywewa na jua kabla mzizi haujaonja.

Huyo wa mwisho akilalamika, hakuna anayemwambia kwamba kilimo ni kigumu na avumilie. Anajua kilimo ni kigumu. Malalamiko yake ni kwamba ugumu haukugawanywa.

Ndivyo ninavyoisoma Shinnecock. Johnson hakulalamikia uwanja mgumu. Alikuwa amekwisha kuutawala kwa siku mbili. Uwanja uliomkuta Jumamosi alasiri haukuwa ule waliouchezea wenzake asubuhi, na aliwekwa mwisho wa bomba kwa kosa la kuongoza.

Nyasi za grini ni kiumbe dhaifu sana. Hukatwa hadi kufikia milimita tatu hivi, na katika mashindano makubwa huenda chini ya hapo. Jani la urefu huo halina chakula cha kulisha mzizi mrefu, kwa hiyo mzizi hubaki juu juu. Kisha wasimamizi hupunguza maji kwa makusudi na kupitisha rola, ili mpira ukitua udunde badala ya kukaa, na ukisukumwa ukimbie. Wanachofanya ni kuileta nyasi kwenye ukingo wa kufa na kuiomba isimame pale kwa siku nne. Upepo ukiongezeka kidogo kuliko ulivyotabiriwa, nyasi inavuka ukingo. Mkulima yeyote anayeotesha miche ya ndizi kwenye karatasi ndogo ndogo anajua saa mbili za upepo mkavu zinaweza kufanya nini.

Na Shinnecock hiyo hiyo ilikuwa imewahi kuvuka. Mwaka 2004, Jumapili ya mwisho ya US Open, grini ya shimo la 7 ilikataa mpira kabisa. Wawili wa kwanza kufika hapo walipoteza mikwaju mitatu mitatu. Wasimamizi wakaona aibu, wakaamua kuimwagia maji grini hiyo katikati ya mashindano, kati ya kundi na kundi. Hilo ndilo linalonisumbua zaidi kuliko ugumu wenyewe. Waliofuata walipata maji ambayo waliotangulia hawakuyapata, katika mashindano yale yale, siku ile ile, kwa kombe lile lile. Wastani wa raundi hiyo ulifika mikwaju 78.7 na hakuna hata mmoja aliyeimaliza chini ya par. Aliyeshinda alikuwa Mwafrika Kusini Retief Goosen, mtu mtulivu aliyewahi kupigwa na radi akiwa kijana, na ambaye siku hiyo aliisukuma mipira ndani kutoka kila pembe wakati wengine wakitoa macho. Ushindi wake ulikuwa wa haki kwa sababu alicheza vizuri kuliko wote. Uwanja haukumsaidia kuthibitisha hilo.

Nisieleweke kana kwamba nataka gofu laini. Nimeitazama US Open ya uwanja wa Oakmont, Juni 2025, na nikaipenda. Nyasi za pembeni zilifika inchi tano, mpira ukiingia humo ulikuwa kama umetumbukia kwenye shamba la nepia, na bingwa mtetezi Bryson DeChambeau alienda nyumbani Ijumaa. Kati ya wote, mmoja tu alimaliza chini ya par, J. J. Spaun, mkwaju mmoja chini, baada ya kusukuma mpira futi 64 kwenye shimo la mwisho ukaingia. Walilalamika, ndiyo. Lakini aliyepiga katikati alikuta mpira wake katikati, na aliyepotoka alilipa. Ardhi ilikuwa ikijua tofauti ya mpigo mzuri na mpigo mbaya. Mtihani unaweza kuwa mgumu hadi watahiniwa wakatokwa na jasho. Ubovu huanza pale karatasi ya asubuhi inapotofautiana na ya jioni, au jibu sahihi linapopewa sifuri sawa na jibu la kubahatisha.

Oakmont ndiko pia kulikozaliwa kipimo cha jambo hili. Mwaka 1935, katika US Open iliyochezwa hapo, mtazamaji mmoja aitwaye Edward Stimpson aliuona mpira wa Gene Sarazen ukisukumwa kwenye grini na kutiririka hadi kwenye mchanga. Wengine waliguna tu. Yeye alirudi nyumbani akatengeneza kijimfereji cha kuviringishia mpira, ili kasi ya grini ipimwe kwa futi badala ya kubishaniwa. Kifaa hicho hutumika hadi leo. Nampenda mtu wa aina hiyo: aliona watu wanateseka, akatafuta namna ya kupima mateso.

Kisha kuna Carnoustie, Uskoti, mwaka 1999, Open ya Uingereza. Mvua na joto vilikuwa vimezinenepesha nyasi za pembeni, njia za katikati zilikuwa zimebanwa mpaka zikawa vichochoro, na upepo wa bahari haukuomba ruhusa. Sergio Garcia, kijana wa miaka 19 aliyetoka Uhispania na sifa zote za dunia, alitumia mikwaju 89 siku ya kwanza na 83 siku ya pili, akalia kifuani mwa mama yake. Rod Pampling wa Australia aliongoza raundi ya kwanza kwa mikwaju 71, kesho yake akatumia 86 na kushindwa kupita mchujo. Kiongozi wa Alhamisi yuko nje Ijumaa!

Aliyeshinda Carnoustie alikuwa Paul Lawrie, mzaliwa wa Aberdeen, mwendo mfupi tu kutoka pale. Hakualikwa kwa jina. Alipigania nafasi yake katika mashindano ya kufuzu. Jumapili alianza mikwaju 10 nyuma, akamaliza juu ya wote baada ya mashimo ya ziada. Kwa wageni upepo ule ulikuwa mkosi. Kwake ulikuwa upepo wa nyumbani, aliokua nao na kucheza ndani yake kila wiki.

Jina la Lawrie ndilo linalonirudisha Nairobi, kwa sababu nimejiuliza miaka mingi kwa nini sisi hatujapata Lawrie wetu.

Kenya Open ilianza mwaka 1967. Seve Ballesteros aliishinda mwaka 1978, Ian Woosnam mwaka 1986. Mwaka 2019 ilipanda daraja ikaingia kwenye ziara kuu ya Ulaya, donge la zawadi likawa euro milioni 1.1, na limeongezeka tangu hapo. Tangu 1967 hadi mashindano ya 2025, hakuna Mkenya aliyeibeba. Aliyekaribia kabisa ni Jacob Okello, mwaka 1998. Alilingana na Ricardo González wa Argentina baada ya raundi nne, wakaenda mashimo ya ziada, na González akashinda. Mtu akitaka kunihuzunisha, anitajie mwaka huo.

Tazama sasa alama za washindi wa karibuni. Guido Migliozzi, uwanja wa Karen, 2019: mikwaju 16 chini ya par. Justin Harding, Karen, 2021: 21 chini. Ashun Wu, Muthaiga, 2022: 16 chini. Jorge Campillo, 2023: 18. Darius van Driel, 2024: 14. Jacques Kruyswijk, 2025: 18. Wageni hawa hawana sababu ya kulalamika. Nairobi iko juu, hewa yake ni nyepesi, mpira huruka mbali, na kwa aliyezoea Oakmont au upepo wa Uskoti, Muthaiga ni bustani. Wiki hiyo hiyo, kwenye bustani hiyo hiyo, wengi wa Wakenya huondoka Ijumaa jioni bila kupita mchujo wa 65 bora. Na Mkenya asiyepita mchujo hapa hapati mgao wa zawadi. Kwa kulinganisha, mtaalamu aliyetupwa nje ya US Open ya 2018 alipewa dola 10,000 za kufutia machozi.

Kwa hiyo nani ana uwanja mgumu? Dustin Johnson alikuwa mwisho wa bomba alasiri moja, akalipwa, na Jumapili akapewa grini zilizomwagiwa maji. Mchezaji wa kulipwa wa Kenya anakaa huko mwaka mzima.

Wengi wao walianza kwa kubeba mifuko ya wengine. Kedi huijua grini kuliko mwenye uanachama: anajua pale penye mteremko usioonekana, anajua nyasi zimelalia upande gani, anajua upepo wa saa nane. Lakini kujua si kucheza. Katika klabu nyingi makedi wamekuwa na siku moja ya kucheza wao wenyewe, aghalabu Jumatatu, na fimbo za kuazimana. Akifikia kuwa mchezaji wa kulipwa, bado uwanja si wake. Anauingia kwa hisani ya klabu, na siku za wikendi ambazo wanachama wanacheza, yeye anafundisha ili apate nauli. Grini anazozichezea mwaka mzima ni za kawaida, zenye nyasi zilizoachwa zipumue, kwa sababu mwanachama anayelipa ada hataki kusukuma mpira mara nne kwa kila shimo. Ikifika wiki ya Kenya Open grini huharakishwa, nyasi za pembeni huachwa zikue, mashimo hupelekwa kwenye pembe. Mgeni anaona uwanja uliolegezwa kuliko alikotoka wiki iliyopita. Mwenyeji anaona uwanja uliokazwa kuliko aliowahi kuuchezea tangu Kenya Open iliyopita. Ni grini moja.

Ziara ya Safari, ule mfululizo wa mashindano ambao waandalizi wa Kenya Open waliuendesha katika klabu mbalimbali ili kuwapata Wakenya wa kushiriki, ilisaidia sana, na nawashukuru walioianzisha. Iliwapa wachezaji mahali pa kushindana na kitu cha kupigania miezi mingine. Ombi langu ni moja, na naliandika kwa uzito wote nilio nao: viwanja vya mashindano ya namna hiyo vikazwe. Siku za mashindano hayo, wanachama wakubali kwa wiki moja kuona grini zao zimekauka na mashimo yamewekwa kwa ukatili, ili vijana wetu wakutane na ugumu huo mara nane au kumi kwa mwaka badala ya mara moja. Na pale panapowezekana, ile Jumatatu iongezewe hata siku moja nyingine. Siombi uwanja wa Kenya Open ulegezwe kwa ajili ya mwenyeji. Akishinda kwenye uwanja uliolegezwa, deni la Okello litakuwa bado halijalipwa.

Wachezaji wetu hawayasemi haya hadharani, na nadhani najua sababu. Johnson akimkosoa msimamizi, wiki ijayo ana uwanja mwingine unaomsubiri kwa zulia. Wetu akiikosoa klabu, anaweza kukuta lango lina mlinzi asiyemfahamu. Ndiyo maana malalamiko ya Wamarekani huwa na manufaa hata kwa asiyewapenda. Wao wanaweza kusema, na wakisema, kanuni inatamkwa: mpigo mzuri utuzwe, na waliocheza mapema na waliocheza mwisho wapate ardhi moja.

Sisi Wakenya tungepaswa kuielewa kanuni hii haraka, kwa sababu tumeiona ikifanya kazi kwenye mbio. Tarehe 24 Machi 2007, mbio za nyika za dunia zilifanyika Mombasa, tena kwenye uwanja wa gofu, ule unaotazama bahari. Joto na unyevu vilikuwa vya kutisha. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, ambaye alikuwa hajashindwa katika mbio hizo kwa miaka, aliishiwa nguvu akatoka njiani kwenye mzunguko wa mwisho, na Zersenay Tadese wa Eritrea akatwaa dhahabu. Asbel Kiprop na Linet Masai walishinda mbio za vijana mbele ya umati uliokuwa umejaa hadi juu ya miti. Wengi walianguka. Kulikuwa na lawama kuhusu saa na mahali. Hata hivyo hakuna aliyeweza kusema Tadese alipewa jua lake na Bekele akapewa lingine, maana waliachiliwa kwa mlio mmoja wa bastola. Gofu haiwezi kuwaachilia watu 156 kwa mlio mmoja. Kwa hiyo anayetayarisha uwanja wa gofu ana deni ambalo mwenye mbio za nyika hana: lazima afikirie saa tisa alasiri anapomwaga maji saa kumi na moja alfajiri.

Kuna ugumu mmoja ambao ni wetu kabisa, nao umekaa bila kutumiwa. Nyasi za Kikuyu zimetoka nyanda za juu za Afrika Mashariki. Mitunguu kuna joto mno kwao, lakini panda Nkubu, endelea juu kuelekea msitu wa Mlima Kenya, utazikuta kando ya kila njia. Sisi huzing'oa. Zikiingia kwenye kahawa hutambaa chini kwa chini, na kila kipande unachokata huota upya. Marekani zimewekwa kwenye orodha ya serikali ya magugu hatari. Lakini huko huko Marekani, klabu ya Riviera mjini Los Angeles, ambako Ben Hogan alishinda US Open ya 1948, njia zake zimefunikwa na nyasi hizo hizo, na wataalamu wa dunia hufika karibu kila Februari kuziogopa. Jani lake ni pana na lina nguvu. Mpira ukikaa juu, ni raha. Ukizama, jani hukamata shingo ya fimbo na kuipinda mkononi. Mpigo wa chini wa kuviringisha, ambao Uskoti humfikisha mtu shimoni, kwenye Kikuyu hufa hatua mbili mbele. Gofu ya Olimpiki ya 2028 itachezwa Riviera, wanaume 60 na wanawake 60. Wengi wao watatoka nchi ambako nyasi hizi hawajapata kuzikanyaga, na watalipa walimu wa kuwafundisha jinsi ya kutoka humo.

Mwezi uliopita nilipanda hadi juu ya Nkubu kumwona dada wa mama yangu. Mfukoni nilikuwa na mpira wa gofu niliopewa na rafiki. Kando ya njia, kwenye ukingo wenye nyasi za Kikuyu zilizofika kwenye kifundo cha mguu, niliuachilia kutoka usawa wa bega. Ulizama usionekane. Watoto watatu waliokuwa wakitoka shule walisimama, wakaniuliza nimepoteza nini, wakaanza kuutafuta kwa vidole. Walipoupata, mkubwa wao, msichana wa miaka kumi na miwili hivi, aliuliza kama anaweza kuupiga. Alikuwa na fimbo ya kuchungia. Sikumwonyesha chochote. Aliutazama mpira ulivyolala, akazisukuma nyasi za nyuma yake kwa unyayo hadi nikamwambia hilo haliruhusiwi, akacheka, akaziacha zisimame tena, kisha akaipandisha ile fimbo wima kuliko nilivyotarajia na kuishusha kwa nguvu nyuma kidogo ya mpira. Mpira ukatoka juu, ukavuka njia, ukatua kwenye majani ya chai upande wa pili. Ng'ombe wa mtu, aliyefungwa pale, aliinua kichwa, akarudi kwenye nyasi zake.

Nilimwomba arudie. Akarudia mara nne.